Ajabu ya Leo, Kicheko cha Leo

Asubuhi dada yangu alipokuwa anakufa, niliwatumia ndugu zangu arobaini habari za pweza.

Si utani. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika chache, nimekaa kitandani kwangu hapa Machakos mjini, kikombe cha chai ya rangi kando. "Pweza ana mioyo mitatu," niliandika. Nikabandika kikaragosi cha kucheka, nikatuma.

Kabla hujaanza kunitukana, tulia kwanza. Ukifika mwisho utanitukana vizuri zaidi.

Naitwa Wathome. Nina meza karibu na steji ya matatu, nauza chaja, earphone, makava na vioo vya simu. Zamani meza hiyo hiyo ilikuwa ya magazeti. Kabla wateja hawajafika nilikuwa nasoma vile vihabari vidogo vya kurasa za ndani, halafu kila anayenunua gazeti namwongezea kimoja cha bure.

"Mzee, unajua jicho la mbuni ni kubwa kuliko ubongo wake?"

Mzee anacheka, anaenda kazini ana jambo la kusimulia. Nilikuwa mtu wa maana, wacha nikwambie.

Halafu watu wakahamia kwenye simu, magazeti yakanidodea. Nami nikahama nao.

Familia yetu ina grupu la WhatsApp. Linaitwa Mbaa Ndolo, yaani sisi wote wa nyumba ya babu Ndolo wa Masii, pamoja na wakwe. Mimi ndiye niliyelianzisha. Kila asubuhi nilituma vitu vitatu: Ajabu ya Leo, Kicheko cha Leo, na Fikiria.

Kicheko kilikuwa kama hiki: Mzee wa Katelembo alipeleka jogoo kanisani auzwe kwa mnada. Jogoo akawika. Mzee akadhani kuna mtu amepandisha bei, naye akapandisha. Akarudi nyumbani amejinunulia jogoo wake mwenyewe.

Fikiria ilikuwa kama hii: Mtu akikuuliza kama umelala, ukajibu ndiyo, nani amejibu?

Mwanzoni watu walifurahi. Kisha tatu zikawa tisa, na siku nyingine zikafika kumi na tano. Mtu akitangaza harambee, mimi naweka twiga juu yake. Mtu akiomba maombi, naweka jogoo. Sikuona ubaya wowote, niliona nachangamsha ukoo.

Siku moja Aunty Kaluki, dada ya marehemu baba na ndiye mkubwa wetu sasa, akaandika: "Wathome simu yangu imejaa. Nikitaka habari ya mbuni nitaenda kuuliza mbuni."

Watu thelathini walicheka. Vichekesho vyangu mimi havijawahi kupata hata watano.

Iliniuma, sikufichi. Nikalinyamazisha grupu, nikalificha kule chini nisilione. Lakini kuacha kutuma sikuacha. Nikawa naandika vitu vyangu mahali pengine, halafu navisukuma kwa mpigo kwenda makundi manne bila kulifungua hata moja. Natuma, nafunga simu, naenda kazini. Nani amejibu nini, hiyo si shida yangu.

Ndipo Kamanthe akanipigia simu. Kamanthe ni dada yangu, na tulizaliwa wawili tu. Wazazi wetu wote walishatangulia.

"Wathome, punguza hizo vitu," akaniambia. "Tuma moja tu, ile tamu. Watu wamechoka na wanaogopa kukuambia."

"Nani amechoka?"

"Hata mimi nimechoka, ndugu yangu. Lakini mimi huwa nasoma."

Unajua mtu mwenye hasira husikia nusu. Nilisikia amechoka. Nikamfungia asinifikie, kwa simu na kwa WhatsApp, dada yangu wa tumbo moja. Nikajiambia nitamfungulia baada ya wiki moja, ajue mimi si mtoto.

Wiki ikawa miezi minane. Kiburi hakina kalenda.

Katika hiyo miezi nilisikia juu juu kwamba ana mimba ya tatu. Nikafurahi kimoyomoyo. Nikasema mtoto akizaliwa nitaenda na zawadi, tutacheka, yataisha.

Basi turudi kwa ile wiki. Ijumaa nilituma. Jumamosi nilituma. Jumapili nikatuma habari za pale Kyamwilu, ambapo ukimwaga maji unayaona kama yanapanda mlima. Jumatatu nilituma, nikafungua meza.

Jirani yangu wa meza ni Yasin, anauza viatu. Ni mtu mpole na hana maneno mengi. Asubuhi hiyo alikuwa ananiangalia, anaangalia kando, ananiangalia tena.

"Wathome bwana," akasema mwishowe, "Mungu amekupa subira. Mimi singeweza."

"Kuweza nini?"

"Dada yako hajazikwa, na wewe uko hapa unauza chaja na unacheka na wateja. Tangu Jumamosi nakuangalia tu."

"Dada yangu gani?"

Yasin alikuwa anapiga kiatu rangi. Akakiweka chini polepole.

"Innalillahi," akasema. "Hawajakuambia."

Kumbe Jumamosi, nilipokuwa nimeenda kula, Masila mume wa Kamanthe alikuwa amekuja kununulia watoto wake viatu vyeusi vya mazishi. Alikuwa mbio, gari la Masii linamngoja. Yasin alimpa pole, akadhani mimi nishaambiwa kitambo.

Sikumbuki nilivyofunga meza. Nadhani Yasin ndiye aliyefunga.

Nilifika Masii saa nane, nyumbani kwa Masila. Hema lilikuwa limesimama tayari, viti vya plastiki vimepangwa, kina mama wanaosha sufuria. Ukoo mzima ulikuwa hapo.

Aunty Kaluki alikuja kunikumbatia. Nikamsukuma.

"Siku tatu!" nikapiga kelele. "Siku tatu, aunty! Mimi ndiye ndugu yake, na naambiwa na muuza viatu!"

"Kai, Wathome, si tuliandika kwa group?"

"Group gani? Hilo grupu ni langu! Mimi ndiye mwenye grupu!"

Binamu mmoja akaanza kukohoa. Mwingine akakumbuka ana kazi jikoni.

Aunty Kaluki akainamisha kichwa. "Iko ingine," akasema. "Tulifungua ingine."

Aliitoa simu akanionyesha. Grupu hilo jipya waliliita Family Serious. Walikuwa na miezi minane humo, watu arobaini, wakipanga harambee zao na kupeana salamu bila mimi. Kule kwangu hakuna aliyetoka, waliona kutoka ni dharau. Walinificha tu, kila mtu kwa simu yake, wakaniacha niendelee kuongea peke yangu.

Nikasoma yaliyoandikwa Ijumaa. Saa moja na nusu asubuhi Masila aliandika kwamba Kamanthe amejifungua msichana hospitalini, damu haikomi, damu yake ni ile adimu ya O negative, na hospitali inaitafuta kila mahali. Mwenye nayo ajitokeze. Saa tatu na dakika kumi akaandika kwamba Kamanthe ametutoka.

Mimi ni O negative.

Tulipimwa pamoja shuleni, mimi na Kamanthe, walipokuja watu wa kutoa damu. Tukacheka kwamba hata damu tumegawana. Wazazi wetu walishakufa, kwa hivyo hakuna mwingine aliyejua. Na hiyo hospitali kutoka kwangu ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Niliwaambia hayo mbele ya wote. Niliwaambia wamemuua. Kila mmoja alikuwa amedhani mwenzake amenipigia simu: aunty alidhani ni Masila, Masila alidhani ni aunty. Wanawake walilia kwa sauti. Masila alikaa chini, akashika kichwa. Alikuwa kazini Athi River ile asubuhi, zamu ya usiku, na huko simu huachwa getini hadi saa moja.

Tulimzika Kamanthe Alhamisi. Sikuongea na mtu.

Jumamosi wazee wa ukoo wakaketi nyumbani kwa Aunty Kaluki. Kwetu jambo la aina hiyo haliachwi hivi hivi, maana linaweza kuvunja nyumba. Wakasema ukoo umemkosea Wathome, umemtenga na damu yake mwenyewe. Mbuzi akachinjwa. Aunty Kaluki, mama wa miaka sabini na mbili, akasimama mbele yangu na mikono imekunjwa kifuani.

"Tulikukosea, mwanangu. Tulikuona mtu wa mchezo. Tusamehe."

Wakapita mmoja mmoja, kila mtu na pole yake. Nikawasamehe. Nikala maini ya yule mbuzi, na niseme ukweli, nilijisikia nimekuwa mkubwa. Miaka yote natuma vitu hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo.

Jumapili nikarudi mjini. Nikasema sasa nitalifunga lile grupu langu kwa heshima. Nitaandika neno moja la mwisho, zito, la kuwafanya wajue walichofanya. Nikalitafuta kule chini nilikolificha. Nikalifungua kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane.

Nikapanda juu nikiangalia vitu vyangu, kuanzia vya Jumatatu. Kyamwilu, Jumapili. Twiga, Jumamosi. Jogoo, Ijumaa.

Katikati ya vitu vya Ijumaa kulikuwa na jina la Kamanthe.

Saa kumi na mbili na dakika nne alikuwa ameandika hivi: "Wathome ni mimi. Niko hospitali hapa mjini. Nimepata msichana lakini damu inatoka sana. Wanatafuta ile damu yetu. Salio sina, niko na bando tu, na kwako hainiruhusu. Kuja."

Halafu pweza. Halafu vingine vinne.

Dakika kumi na moja: "Naona zako zinaingia, kwa hivyo umeamka. Hii group najua lazima uingie. Kuja haraka ndugu yangu."

Halafu jogoo.

Dakika kumi na tano: "Hiyo ya jogoo nimecheka hadi nesi ameniuliza ni nini. Nimemwambia kuna mtu anakuja."

Halafu Fikiria. Hakuandika tena.

Nilisoma mara nyingi sana. Nilisoma mpaka maneno yakawa alama tu. Watu arobaini walikuwa wamelificha grupu langu, na mtu mmoja, wa arobaini na moja, alikuwa amebaki ndani. Alibaki ingawa nilikuwa nimemfungia milango mingine yote. Aliniambia mapema kuliko mtu yeyote, saa nzima na zaidi kabla ya wengine kujua. Aliniambia mahali ambapo alijua nitakuwa.

Na mimi nimekula mbuzi wa watu.

Ningepiga simu saa ile. Nilishika simu. Nikaona sura ya Aunty Kaluki na mikono yake imekunjwa, nikaweka simu chini. Nikasema kesho.

Kesho hiyo Masila alikuja mezani kwangu. Amekonda, ndevu zimeota ovyo. Akaniwekea simu mbele yangu, ile ya Kamanthe.

"Shemeji, wewe ni mtu wa simu. Imejifunga na sijui namba yake. Nataka picha zake tu, na sauti. Huyu mdogo atakua na hatajua mamake alisikika aje."

Niliijua namba. Ni mwaka aliozaliwa mama yetu, sote wawili tuliutumia. Nikamwambia arudi jioni.

Alipoondoka nikaifungua. Grupu la Mbaa Ndolo lilikuwa juu kabisa, amelibandika lisishuke. Kumbe alikuwa akilisoma kila siku. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Yasin alikuwa na mteja. Nikalifuta.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kubadilisha kioo. Picha niliziacha zote, sauti niliziacha. Jioni Masila akaipokea, akasikia sauti ya mkewe akiwaita watoto waje kula, akalia pale pale mbele ya wapita njia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, shemeji. Wewe ndiye umebaki mwenye roho nzuri."

Nilidhani imeisha.

Wiki mbili baadaye akarudi. Safari hii hakusalimia.

"Nataka kukuuliza kitu na unijibu kama mwanaume. Nesi aliyekuwa na Kamanthe, anaitwa Pauline, nilienda kumshukuru. Ameniambia Kamanthe alikuwa anaandikia mtu asubuhi hiyo. Alikuwa anacheka na simu. Na akasema kuna mtu anakuja."

"Nimetafuta kwa hiyo simu yote," akaendelea. "Hakuna. Hakuandikia mimi, hakuandikia aunty, hakuna mtu. Mtu anakufa, anaandikia nani halafu anafuta? Wewe ni ndugu yake. Alikuwa na nani?"

Hapo ndipo. Hapo, msomaji, ndipo mwanaume angesema. Simu yangu ilikuwa mfukoni, maneno yote yako ndani na saa zake. Kitu cha kufungua na kumpa, basi.

"Sijui, shemeji," nikasema.

"Hata wewe unamficha," akasema, na akaenda zake.

Yule mtoto alikuwa hajapewa jina bado. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, na mama ya Masila anaitwa Nzilani. Kwa sababu ya matanga walikuwa wamesongeza mbele siku ya jina. Siku ilipofika, Masila akakataa. Mbele ya mamake na majirani akasema hawezi kumpa mtoto jina la watu wake mpaka ajue ni wa nani. Wavulana wawili akabaki nao. Msichana akapelekwa kwa Aunty Kaluki, amefungwa kwa shuka, na chupa moja ya maziwa.

Aunty akanipigia simu analia. Alisema Masii nzima sasa inajua. Sokoni, siku ya soko, wanamtaja Kamanthe kwa jina baya, na waliokula chakula cha matanga yake ndio wa kwanza kusema.

"Dada yako hakuwa mtu wa hivyo, Wathome. Si wewe unamjua?"

"Namjua, aunty."

"Basi mtetee. Wewe wanakusikia siku hizi."

Mtoto analelewa huko mpaka leo. Aunty alimwita Kasyoka, kwa sababu mtoto hawezi kukaa bila jina. Ana miezi mitano. Nimeenda kumwona mara moja, na sikukaa.

Sasa situmi kitu asubuhi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wanadhani ni majonzi, na wananionea huruma.

Mtaniambia nikaseme. Najua. Kila wiki nafika steji ya Masii, naulizwa kama napanda, nasema bado. Si kupigwa ninakoogopa. Naogopa kwamba nikishasema, hakutakuwa tena na mtu hata mmoja wa kunipa pole, na hizo pole ndizo nimebaki nazo. Ni aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Funzo ni hili, na halihitaji shule. Kabla hujalia kwamba hakuna aliyekwambia, nenda uangalie pale ulipokataa kusikiliza. Na ukikuta uliambiwa, sema siku hiyo hiyo. Uongo ukilala nawe usiku mmoja tu, asubuhi unaamka na mwenye nyumba mwingine.

Hapa nimeandika kwa sababu ndugu zangu hawasomi hapa. Nilifuta kwa simu ya Kamanthe peke yake. Kwa zile nyingine arobaini, maneno yake bado yako, kule chini walikolificha grupu langu kwa kuchoka na kelele zangu. Aunty Kaluki anayo. Masila anayo pia, anatembea nayo mfukoni kila siku, akimtafuta mwanaume ambaye hajawahi kuwepo.